Jiwe la Kantengwa

Kakiika, Mbarara
2 Machi 2015

Gaju mwanangu,

Nimekuficha jambo tangu ulipokuwa na miaka sita. Lile jiwe ambalo mama yako alifia mlangoni mwake halikuwepo. Nililitunga mimi.

Nimeyaandika hayo mwanzoni kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu na habari za mvua, ningefika mwisho wa ukurasa bila kuyasema, kama nilivyofanya katika kila barua niliyokuandikia tangu uondoke kambini Nakivale mwaka 2009.

Sasa salamu. Niko Mbarara tangu Januari kwa ajili ya tumbo. Madaktari wa hospitali ya Ruharo wamenitazama kwa heshima na kunipa dawa ya maumivu. Nilipomuuliza daktari kama nirudi kambini, alisema nisikae mbali na dawa. Nilimwelewa. Nimepanga chumba kwa Edirisa, mwanajeshi mstaafu anayefuga kuku wa mayai hapa Kakiika. Dirisha langu linatazama ukuta wa banda la kuku, hatua mbili kutoka kitandani. Nakivale siwezi kurudi, kwingine, nikiwa mkimbizi, sina ruhusa ya kwenda, na simu siisikii tena hata nikiibana sikioni. Imebaki kalamu.

Huenda hukumbuki siku uliyoniuliza. Tulikuwa tumeshuka ziwani kuteka maji, wewe na kidumu chako kidogo cha manjano. Ulisema, “Baba mkubwa, wengine wana mama. Wangu yuko fasi gani?” Mimi ni kaka wa baba yako, nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini, na ilinibidi nitafute cha kumwambia mtoto. Nikatazama huku na huku. Ng’ambo ya ziwa kulikuwa na kilima chenye mwamba. Nikaanzia hapo.

Nilikuambia kwamba huko kwetu, juu milimani, kuna jiwe kubwa kama nyumba, limekaa juu ya shingo nyembamba. Kwamba wakati wa vita vya mwaka 1996 mama yako Kantengwa alikusukuma chini yake, akaketi kwenye uwazi na kuwapa mgongo waliokuwa wanatufukuza, risasi ikamkuta hapo. Kwamba tulimzika papo hapo kwa kumpangia mawe. Ulijaza kidumu chako. Kesho yake uliuliza habari za jiwe, hukuuliza habari za mama. Nikaona nimekupa kitu cha kushika, nikaendelea kukupa.

Mama yako tulimpoteza njiani. Hilo ni kweli. Mengine nitaandika nikipata nguvu.

Baba yako mkubwa,
Nehemiya


Albuquerque, New Mexico
7 Machi 2015

Baba mkubwa mpendwa,

Yesu asifiwe! Usichukue kalamu nyekundu kwanza. Soma mpaka mwisho, makosa utahesabu baadaye.

Nimeliona jiwe letu!

Si lile lenyewe, najua. Lakini ndugu yake wa tumbo moja. Ngoja nikueleze. Appolinaire alipata siku mbili za mapumziko kule hotelini anakofua mashuka, nikamwambia, mume wangu, leo hatukai nyumbani kuangalia televisheni. Tukamweka Kampire kwenye kiti chake cha gari, tukapita kumchukua Mama Mukamazimpaka, yule niliyekuja naye huku, tukaenda. Saa tatu nzima kuelekea kaskazini magharibi. Ukitoka kwenye lami unaingia njia ya udongo, na vumbi la kule ni jeupe kama unga wa muhogo. Hakuna mti. Hakuna nyumba. Hakuna ng’ombe hata mmoja, nikawaza sisi Wanyamulenge tungeishi vipi hapa. Halafu mawe yakaanza.

Baba mkubwa, mawe yamesimama kama uyoga! Mengi, mengi, hayahesabiki. Chini udongo laini ulioliwa na upepo, juu bamba la jiwe jeusi, na katikati shingo nyembamba mpaka unaogopa kupiga chafya. Appolinaire akasimama mikono kiunoni akasema, “Yaani tumechoma mafuta saa tatu kuja kuangalia mawe? Si kwetu yalikuwa ya bure?” Kampire akauliza, “Mama, nani ameyaweka?” Nikamwambia Mungu. Akasema, “Mwambie ayashushe, yataanguka.”

Mama Mukamazimpaka alikataa kushuka. Tulimfungulia mlango, tukambembeleza, akavuta kitenge chake mpaka puani. “Nyinyi nendeni. Mimi sikuja Amerika kutazama mawe.” Nilidhani ni miguu.

Nilitembea peke yangu mpaka nikalifikia moja. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, na chini yake uwazi kama mlango wa zizi la ndama. Niliinama nikaingia, nikakaa. Jua kali nje, ndani baridi. Nikaweka shavu kwenye jiwe na nikalia mpaka Appolinaire akaja kunitafuta, kwa sababu nililijua. Mwili wangu ulilijua.

Sasa sikiliza. Paspoti yangu imetoka. Tarehe 14 Julai nasafiri. Kigali, Bujumbura, Uvira, halafu napanda mlimani kwa miguu pamoja na watoto wawili wa mjomba. Nitalitafuta jiwe, nitamtoa mama chini ya yale mawe mliyompangia, nitamzika na jina lake limeandikwa juu. Appolinaire hataki kusikia. Anasema kule juu bado kuna watu wenye bunduki, na Kampire ana miaka mitatu. Tumegombana mpaka tumechoka. Nimemwambia mimi nina mtoto anayeniuliza bibi yake yuko wapi, na jibu ninalo.

Naomba kitu kimoja. Nichoree njia kutoka shuleni kwako mpaka kwenye jiwe. Wewe peke yako ndiye unajua.

Mtoto wako,
Gaju


Albuquerque
25 Machi 2015

Baba mkubwa,

Barua yako ya tarehe 2 imefika. Niliisoma mara moja, nikaigeuza kifudifudi kwenye meza, ikakaa hivyo siku mbili. Appolinaire aliweka sahani juu yake.

Unaandika jiwe halikuwepo. Mimi nilikuwa ndani yake. Nakumbuka ubaridi kwenye shavu. Nakumbuka maji yalikuwa yanadondoka nyuma ya shingo yangu. Namkumbuka mama mlangoni, kitenge chake cha kijani chenye ndege, na mimi nahesabu ndege. Ndege saba. Mtu anaweza kutungiwa mpaka idadi ya ndege?

Najua unachofanya. Mpango wangu wa kusafiri Appolinaire amewatangazia watu tangu Krismasi, kanisa zima hapa wanajua, na nina hakika wameandika Nakivale. Umeona dawa pekee ya kunizuia ni kunivunjia jiwe. Baba mkubwa, ungeweza kuniambia tu, “Gaju, naogopa.” Ningekuheshimu zaidi.

Au ni dawa za maumivu. Zinachanganya watu, hapa nimeona wazee kwenye nyumba ya kuwatunza ninakofanya kazi. Kuna mmoja ananiita jina la dada yake kila asubuhi.

Kwenye ofisi kule Nakivale, mwaka 2008, nilipokuwa na miaka kumi na sita, yule mama wa mahojiano ya kuja Amerika aliniuliza habari za kifo cha mama. Nilimjibu bila kusita hata kidogo. Aliweka kalamu chini akanishika mkono. Unataka kuniambia nilimdanganya yule mama? Kwamba nimefika huku kwa uongo, na mtoto wangu amezaliwa huku kwa uongo?

Tarehe 14 Julai haibadiliki. Nichoree njia.

Gaju


Kakiika, Mbarara
12 Aprili 2015

Gaju mwanangu,

Hakuna aliyeniandikia. Habari ya safari yako niliijua kutoka kwenye barua yako mwenyewe, ya mawe ya jangwani, iliyoletwa hapa kutoka kambini wakati yangu ikiwa bado njiani kuja kwako. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa Edirisa. Aliniona uso akasema, “Mzee, hiyo barua ina nini? Umekuwa kama kuku ameona mwewe.” Nikamwambia kuna mtu anataka kupanda mlima kutafuta kitu nilichokitunga mimi. Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Ninakujibu moja moja.

Kitenge cha kijani chenye ndege kilikuwa cha marehemu mke wangu. Mama yako hakuwahi kuwa nacho. Kilitundikwa kwenye mlango wa nyumba yetu Nakivale mpaka ulipokuwa na miaka minane, na ulijifunzia kuhesabu hapo. Nilikiweka kwenye hadithi kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yangu siku hiyo. Maji ya kudondoka shingoni niliyaongeza mwaka mwingine, wakati wa mvua, paa letu lilipovuja. Kila ulipotaka kuisikia tena niliongeza kidogo. Nilikuwa mwalimu. Nilijua jinsi ya kumfanya mtoto aone.

Hukumdanganya yule mama wa mahojiano. Ulisema ulichokijua. Mdanganyifu alikuwa chumba cha pili.

Jambo hili pia hukuwahi kuambiwa. Siku ile walitutenganisha. Baada ya maswali walitupa kila mmoja karatasi na penseli, wakasema, chora mahali alipofia. Wewe ulichora jiwe lenye shingo, uwazi upande wa kushoto, mawe madogo yamepangwa chini, hata kivuli uliweka. Niliuona mchoro wako kwa mbali ukiwa mezani kwao, na ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kufundisha. Mimi, mbele ya karatasi yangu, sikuweza. Nilikuwa nimelisema lile jiwe kwa miaka kumi na sikuwahi kuliona. Nilichora pango kwenye ubavu wa mlima. Nikafuta. Nikachora mwamba mrefu kama mnara. Nikafuta tena, karatasi ikachanika. Waliweka michoro yetu bega kwa bega. Faili yako ilikwenda na familia ya Mukamazimpaka. Yangu waliandika isubiri. Ulidhani nimebaki kwa ajili ya umri. Nilibaki kwa sababu sikuweza kuchora, na tangu hapo nimeishi Nakivale miaka saba kama mtu aliyejifungia ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe akasahau kuweka mlango. Watu wanakuja kuniandikisha barua zao na maombi yao. Mimi yangu siwezi kuisahihisha. Nikisema jiwe halikuwepo, wanaweza kukuita wewe.

Basi hakuna njia ya kukuchorea. Mama yako aliugua mguu. Aliingiwa na kijiti tulipokuwa tunakimbia kuelekea Uvira, mguu ukavimba mpaka pajani, homa ikampanda. Siku ya nne alifariki kando ya kijito tulichokiita Kagogo. Tulimzika hapo, tukaomba, tukaendelea. Kaburi halina alama. Majani yamekwisha kulifunika, na watu wenye bunduki wanapita hapo mpaka leo. Usimwache Kampire kwa ajili ya majani.

Sasa umejua. Nipumzishe.

Nehemiya


Albuquerque
30 Aprili 2015

Baba mkubwa,

Nilikaa na barua yako nikiwa na huzuni lakini nimetulia. Nilikuamini. Nikasema, vizuri, mama alikufa kwa ugonjwa, watu wengi walikufa kwa ugonjwa, nitakubali. Nilichora jiwe nyuma ya bahasha nikalitazama likiwa halina mtu chini yake, nikajizoeza.

Jumapili baada ya ibada nikamwendea Mama Mukamazimpaka. Alikuwa jikoni anatoa mbegu kwenye pilipili. Sikwenda kumhoji. Nilitaka tu kumuuliza wimbo gani mliimba kwenye maziko.

Akasema, “Maziko gani?”

“Ya mama. Kagogo.”

Akaendelea na pilipili zake. “Nani amekuambia tulizika mtu Kagogo?”

“Baba mkubwa ameniandikia.”

“Mlichimba na nini?” akaniuliza mimi, kama mimi ndiye niliyekuwepo na akili zangu. “Mtoto, tulikuwa tunakimbia. Hakukuwa na jembe hata moja. Tulikuwa na sufuria mbili na Biblia.”

Nikamwambia, basi nieleze wewe. Akasema hajui. Alikuwa mbele na watoto, mimi nilikuwa mgongoni mwake. Wanaume walikuwa nyuma. Alipovuka kijito aligeuka kumtazama mama, akamwona amekaa kwenye nyasi.

“Amekaa au amekufa?”

“Amekaa. Ananyoosha mguu kwa mikono miwili, hivi.”

Baba mkubwa, alinionyesha. Aliketi kwenye kiti cha jikoni akajishika paja kwa mikono miwili, mikono ina pilipili, akanyoosha mguu. Nilitoka nje.

Aliponifuata nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka hii yote. Akasema, “Mwalimu alikuwa ameshakupa jiwe. Wewe ulikuwa unalala vizuri. Mimi ningekupa nini?” Nikamuuliza nani alimwacha pale. Akasema, “Muulize yeye. Ameandikia kambi nzima barua zao, wajane, walemavu, walevi. Aandike na yake.”

Sasa sikiliza mpango wangu mpya. Sitaenda kutafuta jiwe. Tarehe 14 Julai nitakwenda Kagogo, na nitapita nyumba kwa nyumba kando ya kile kijito, nitauliza, mwaka 1996 kuna mtu alimkuta mwanamke amekaa? Alikula kwenu? Alisema jina la nani? Alikaa siku ngapi? Nitauliza kila mtu, na wenye bunduki nitawauliza. Appolinaire amesema nikienda, nikirudi sitamkuta. Kampire anasikia kila kitu, ameanza kulia usingizini.

Mtu mmoja tu anaweza kunizuia, na si kwa kunikataza. Niambie kilichotokea. Chote. Siogopi tena, naogopa tu kutojua.

Gaju


Kakiika
15 Mei 2015

Nyabo Gaju,

Mimi ni Edirisa, mwenye nyumba. Swahili yangu ni ya jeshi, usichekelee. Nimeona heri niandike mimi mwenyewe kwa sababu Mzee ni mkaidi.

Barua yako alipata. Tangu siku hiyo hakuli. Uji anakunywa vijiko viwili, halafu anasema asante kama ameshiba ng’ombe mzima. Mimi nampelekea mayai, anasema mayai niuze. Nikamwambia, “Mzee, mimi kuku wangu watakasirika, wanataga kwa ajili yako.” Alicheka kidogo. Hiyo ilikuwa juma lililopita.

Kila siku anaandika. Anaandika mstari mitatu, anachana. Chini ya kitanda kuna karatasi kama manyoya ya kuku. Nilimuuliza, “Wewe unaandika nini hakiishi? Ni sheria ya nchi?” Akasema anaandika neno moja. Nikasema neno moja si unaandika mara moja? Akasema, “Edirisa, wewe umewahi kumwacha mtu?” Mimi nilikuwa askari. Nilikwenda kuwatazama kuku mpaka adhana ya alasiri.

Siku uliyopiga simu, mimi ndiye nilimwekea kwa sikio. Hakusikia maneno, lakini alijua ni sauti yako. Alishika simu kwa mikono miwili, ukakata, na yeye bado ameshika. Mke wangu Nusrah alilazimika kuitoa polepole.

Daktari alikuja jana. Alisema tusimwache peke yake.

Nyabo, mimi sijui una kesi gani na Mzee wako. Si kazi yangu. Lakini kama una neno la kumsamehe, litume haraka. Na kama huna, pia mwambie haraka, asingojee bure.

Edirisa


Kakiika, Mbarara
19 Mei 2015

Gaju mwanangu,

Edirisa ameniegemeza ukutani na mito miwili, na Nusrah amenishikia ubao wa kuandikia. Nimewaomba watoke. Nitaandika bila kuchana, na herufi zikipinda uzisome hivyo hivyo.

Barua ya Aprili ilikuwa na uongo mmoja. Hatukumzika mama yako. Mukamazimpaka amesema kweli, alikuwa amekaa.

Tulikuwa watu ishirini na watatu tulioondoka shuleni. Mama yako alitembea siku nne kwa ule mguu, na siku mbili za kwanza alikubeba wewe pia. Hakulalamika. Baba yako alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na kwa desturi yetu mjane wa ndugu yangu na mtoto wake walikuwa mikononi mwangu. Nikiwa na chakula, kipande cha kwanza kilikuwa chake. Nikiwa na farasi, angepanda yeye. Desturi hii sikuisoma kwenye kitabu. Niliinyonya.

Pale Kagogo maji yalikuwa yanafika magotini. Mukamazimpaka na watoto walivuka. Mama yako aliingiza mguu mmoja, akautoa, akarudi kukaa kwenye nyasi. Alisema, “Mwalimu, huu hauendi tena.” Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nyuma yetu, upande wa chini, tulikuwa tumeanza kusikia milio ya risasi.

Ukitaka kujua alisema nini tena, alisema hivi. Alisema usipewe maziwa ya baridi kwa sababu yanakufunga kifua. Alisema ukiwa mkubwa uende shule, na kwamba hilo hakuwa na haja ya kuniambia mimi. Hakuniomba kitu kingine. Nilimsubiri aniombe. Kama angeomba, nadhani ningefanya. Alikuwa mtu wa heshima, nami nilikuwa mwalimu mkuu na shemeji yake mkubwa, na hakuomba.

Nilimwambia watu watarudi kumchukua kabla ya jua kuzama. Alisema, “Ndiyo, Mwalimu.” Alijua hakuna anayerudi. Mimi pia nilijua. Siku ya tatu baada ya hapo, tulipofika mahali pa kupumua, nilituma vijana wawili. Walirudi wakasema walikuta nyasi zimelala, mtu hakuwepo, wala damu haikuwepo. Kwa hiyo sijui alikufaje, wala lini, wala kama alikufa. Nimekuwa nikiandika “marehemu” kwenye kila fomu kwa miaka kumi na tisa bila kujua. Ndiyo maana ulipouliza pale ziwani nilimtafutia mahali pa kufia, mahali pazuri, penye paa, akiwa amefanya jambo kubwa, na mimi nikiwa mbali kidogo, nisingeweza kufika. Lile jiwe nililijenga nijifiche mimi, Gaju. Wewe uliingia humo kwa kunifuata.

Tarehe 14 Julai sitakuwepo. Siwezi kukukataza kwenda na sina haki. Ila nakuambia hivi: kando ya Kagogo hakukuwa na nyumba hata moja wakati ule. Utakaowakuta leo wamehamia baadaye, watakuonea huruma na kukutungia jibu. Watu hufanya hivyo kwa mtu anayeuliza sana. Umeona nilivyofanya mimi. Mwaminifu kwa mama yako ni yule atakayekubali kwamba hatujui. Kampire akiuliza, mwambie hatujui. Mimi sikuweza kumwambia mtoto neno hilo, ndipo haya yote yakaanza.

Uliandika nikuambie chote. Limebaki moja, ndilo nililokuwa nachana. Hata Mukamazimpaka hakulijua, kwa kuwa alikuwa mbele. Waliolijua walikuwa vijana wanne, wanafunzi wangu wa zamani, na wote wamekufa. Natia sahihi hapa kwanza, kabla mkono haujakataa.

Baba yako mkubwa,
Nehemiya Semahoro

Tulikuwa na tipoyi, ile machela ya miti miwili na blanketi ambayo kwetu mgonjwa hubebwa na wanaume wanne mabegani. Ilikuwa moja tu. Tulipofika Kagogo wale vijana waliishusha chini karibu na mama yako, wakasimama. Walinitazama, kisha wakamtazama yeye, kisha wakanitazama tena, kwa sababu aliyekuwa amelala ndani yake tangu siku ya kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeanza safari na malaria, na wao walinipakia bila kuniuliza, kwa kuwa mwalimu hatembei akiwa na homa. Walikuwa wanangoja neno langu. Niliwaambia, “Nyanyueni.” Na homa, Gaju, ilikuwa imeniacha tangu jana yake. Niliamka asubuhi ile mwili umepoa, miguu mizima, na sikumwambia mtu.